Jibu la Kumi na Nne

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu mbaya. Najua mtu akianza hivyo wasikilizaji hutazamana, lakini niacheni nieleze. Kwa miaka saba nimekuwa msimamizi wa Baraza la Kiota, ukurasa wa mtandaoni wa watu wanaoangua vifaranga nyumbani kwa mashine. Katika miaka hiyo nimeulizwa swali moja, lile lile, mara nyingi kuliko nilivyoulizwa hali yangu. Swali lenyewe ni hili: mayai yamefika siku ya ishirini, vifaranga wamekufia ndani ya ganda, nimekosea wapi?

Kazi yangu ya mshahara ni nyingine. Mimi ni mtunza maabara katika shule ya sekondari. Naosha chupa, napima asidi, nafunga makabati, na mwalimu akiharibu jaribio mbele ya darasa, mimi ndiye ninayelirudia nyuma ya pazia ili kesho litoke sawa. Maabara yangu ina utaratibu. Kila chupa ina lebo, kila lebo ina tarehe, na anayetaka kujua kitu kilipo husoma kwanza orodha iliyobandikwa mlangoni kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo nilipoachiwa baraza na mwanzilishi wake, ambaye alikuwa amechoka nalo, nililikuta kama soko siku ya mvua. Kila mtu anauliza, hakuna anayesoma. Nikaweka sheria moja juu kabisa, kwa herufi kubwa: TAFUTA KWANZA. Kabla hujauliza, andika swali lako kwenye kisanduku cha kutafutia cha baraza. Ukikosa, toka nje ukatafute kwenye mtandao mzima. Ukikosa na huko, rudi uulize. Anayeuliza kilichokwisha kujibiwa, swali lake litafungwa.

Na nilifunga kweli. Nilifunga maswali asubuhi nikinywa chai, nilifunga wakati wa mapumziko, nilifunga nikiwa kwenye foleni ya benki. Maswali mazuri niliyapanga kwa namba, na kila namba ikawa na jibu lake moja. Wanachama wakaanza kuniita Bi Tafuta nyuma ya mgongo wangu. Nilipojua nilijifanya nimekasirika, lakini jina lile nililipenda.

Jibu la Kumi na Nne ni langu. Nililiandika mwaka wangu wa kwanza, Jumapili moja asubuhi, baada ya kuangua vifaranga ishirini na wanane kwa mayai thelathini. Nilieleza kwamba kifaranga hufia ndani ya ganda kwa sababu ya ukavu: ngozi ya ndani hukauka, ikambana, akashindwa kujigeuza na kutoka. Dawa yake ni kwamba kuanzia siku ya kumi na nane uache kugeuza mayai, uongeze maji kwenye kisahani, na uzibe matundu yote ya hewa ili unyevu usitoke. "Usiache hata tundu moja," niliandika, na maneno hayo nikayakoleza wino. Jibu hilo lilikuwa limesomwa mara elfu sita na ushei. Chini yake palikuwa na asante mia mbili na kumi na mbili. Idadi niliijua kwa sababu nilizipitia kila nilipojisikia mnyonge.

Sanduku langu la kuangulia alilitengeneza mume wangu. Mume wangu ni seremala, na ana mikono miwili tofauti. Wa wateja ni mkono wa dhahabu. Wa nyumbani ni mkono wa Jumapili mchana. Alipoliweka sanduku lile mbele yangu miaka tisa iliyopita, nilimwambia limekaa upande.

"Mbao lazima ipumue," akasema.

Hilo ndilo jibu lake kwa kila kinachocheza ndani ya nyumba yetu: meza, rafu, mlango wa bafu. Sikumsikiliza. Nikabandika gundi ya karatasi juu ya matundu manne aliyoyatoboa ubavuni, nikaweka mayai, nikaangua. Sifa zote nilizichukua mimi.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa katika kijichumba changu nyuma ya maabara, liliingia swali la mwanachama mpya. Alijiita Mshonaji. Aliandika hivi:

"Habari zenu wote. Mimi ni fundi cherehani, kuangua nimeanza mwaka huu. Nimelisoma Jibu la Kumi na Nne na nimelifuata neno kwa neno mara mbili, na mara zote mbili vifaranga wamekufa siku ya ishirini. Leo mayai yangu mengine yanatimiza siku ya kumi na nane. Naomba mwenye kujua anisaidie mapema, kuna kitu sikielewi."

Niliona maneno matatu tu, "siku ya ishirini", mkono ukaenda wenyewe. Nikaandika maneno yangu ya kila siku: "Swali hili limeshajibiwa. Tazama Jibu la Kumi na Nne." Nikalifunga. Mtu ananiambia amekunywa dawa fulani na imemdhuru, nami namwandikia dawa ile ile. Wakati ule sikuliona hivyo. Niliona fundi cherehani aliyekosea kupima maji.

Jumanne akarudi. Safari hii aliandika ukurasa mzima, na kichwa cha habari kilikuwa "Naomba msilifunge". Basi, kama kuna kitu kinachonipandisha damu ni mtu kuniambia nisifanye nilichokusudia kufanya. Nilisoma mistari mitatu ya mwanzo. Alikuwa anasema ametafuta barazani, ametafuta nje, kote amekuta maneno yale yale, na anaomba mtu aliyewahi kushindwa kama yeye ajitokeze. Sikuendelea. Nikalifunga swali, na kwa kuwa lilikuwa la pili kwa siku mbili, nikamfungia na yeye asiandike kwa siku saba. Sheria iliniruhusu. Sheria nilikuwa nimeitunga mimi.

Jioni mume wangu aliniona nimekunja uso juu ya simu.

"Umemfungia nani leo?" akauliza.

"Fundi cherehani mmoja, hataki kusoma."

"Amekosa nini hasa?"

"Ameuliza."

Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya chungwa lake. Yeye ni mtu wa kuuliza. Akienda mahali asipopajua husimamisha watu wanne barabarani, na wa nne anakuwa keshamjua mpaka jina la mama yake. Mimi huwa nasimama pembeni nikiona aibu, na ramani mkononi.

Jumatano kipindi cha tatu, mwalimu wa kemia alikuwa na jaribio la mshumaa. Ni jaribio jepesi kuliko yote ninayoyaandaa, naliandaa kila mwaka kwa kidato cha kwanza. Unasimamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji kidogo, unauwasha, unaufunika kwa chupa ya kioo. Mwali unakonda, unayumba, unazimika. Nilisimama nyuma ya darasa na kitambaa changu begani, nikingoja kukusanya vyombo.

Mwanafunzi mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini umezimika na nta bado ipo?"

"Nta ipo," mwalimu akasema. "Kilichokwisha ni hewa."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo miaka kumi na miwili. Nilizibeba chupa mpaka kwenye sinki, nikaziinamisha moja moja. Zote zilikuwa zimetoka jasho kwa ndani, matone madogo yakiteremka kwenye kioo. Ndipo nikakumbuka kwamba katika ile mistari mitatu ya Mshonaji niliyoisoma, wa tatu ulianza na maneno "kioo cha mashine yangu kinatoka jasho". Nilikausha mikono, nikaenda kijichumbani, nikalifungua swali lake nililolifunga na kulisoma lote. Nilikuwa naliona kwa mara ya kwanza.

Aliandika kwamba mashine yake ni mpya, ya plastiki, imetoka kiwandani, kifuniko chake kinakaza mpaka unasikia kinabana. Matundu yake mawili ameyaziba kama nilivyoelekeza. Unyevu anao mwingi mno, kioo kinatoka jasho tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo haamini kwamba vifaranga wake walikufa kwa ukavu. Awamu ya kwanza alipoteza mayai arobaini, ya pili thelathini na sita. Kisha akaandika hivi:

"Kuku hawa ni wa marehemu mama yangu. Ni wale wadogo wenye shingo tupu, aliwafuga tangu mimi sijaolewa, na hajawahi kuchanganya mbegu. Mayai haya yalipokuwa na siku nne ndani ya mashine, ugonjwa ulipita mtaani kwetu. Kwa wiki moja kuku wote wamekwisha, hata jogoo. Yaliyobaki ni haya thelathini na manne. Yakiharibika sina pa kupata mengine. Ndiyo maana nauliza."

Niliisoma mara mbili. Halafu, kwa kuwa mimi ni yule yule, nikatafuta kwanza ushahidi kwamba sikukosea. Nikafungua injini ya kutafutia kwenye kompyuta ya ofisi nikaandika: vifaranga kufia ndani ya ganda siku ya ishirini. La kwanza kutokea lilikuwa Jibu la Kumi na Nne. La pili, ukurasa wa wauza chakula cha kuku, walikuwa wameninakili bila kunitaja. La tatu ilikuwa video. Bwana mmoja mwenye kofia anasoma maneno yangu kwa sauti nzito, na kwenye "usiache hata tundu moja" anainua kidole. La nne, la tano, la sita, mimi. Nikashuka ukurasa wa pili. Mimi tena, safari hii nimefupishwa.

Miaka saba nilikuwa nawafukuza watu waende wakatafute nje, na huko nje walikuwa wanakutana na mimi nikiwangoja mlangoni. Mtu akisoma kumi anadhani amesikia mashahidi kumi. Shahidi alikuwa mmoja, tena alikuwa na sanduku la mbao.

Kwenye ukurasa wa tatu, ambako hakuna mtu anayefika, palikuwa na somo fupi la chuo kimoja cha mifugo. Lilisema kwamba kifaranga katika siku zake tatu za mwisho huvuta hewa kuliko wakati wowote mwingine, na kwamba matundu yote yafunguliwe. Halikuwa na picha wala herufi zilizokolezwa. Lilikuwa limesomwa na watu arobaini na mmoja.

Niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani. Ni mwendo wa dakika kumi, nilitumia sita. Sanduku langu lilikuwa linafanya kazi, na mayai ishirini ndani. Nikawasha kiberiti, nikakizima, nikausogeza ule moshi kwenye ubavu, juu ya matundu niliyoyabandika. Haukutikisika. Nikapiga magoti, nikausogeza chini, nyuma, pale sanduku linapokutana na ukuta. Moshi ukajipinda, ukaingia ndani ya sanduku, wote. Nikapitisha kidole. Kati ya sakafu ya sanduku na ubao wa nyuma palikuwa na mwanya mrefu, toka pembe hadi pembe, ningeweza kuingizia barua.

Mume wangu alikuwa uani anapiga randa mlango wa mtu. Nikamwita. Akaja na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Huu mwanya ni wa nini?"

Akainama, akaangalia. "Niliuacha. Mbao ya chini inalowa, inavimba. Ningeibana ingepasua ubavu. Tena nikasema na hao kuku nao wapate hewa, maana nilikuona unakuja na gundi." Akanitazama. "Si nilikwambia mbao lazima ipumue?"

"Ulisema hivyo hata kwa mlango wa bafu!"

"Mlango wa bafu ni kweli niliukosea," akasema.

Ningeweza kucheka. Siku nyingine ningecheka. Nilikuwa nahesabu: Jumatatu siku ya kumi na nane, Jumanne kumi na tisa, leo ishirini. Nilikuwa nimemfungia, kwa hiyo hata nikimwandikia barazani hataona mpaka aingie, na mtu aliyefukuzwa haingii kila saa kuangalia kama amesamehewa. Lakini fomu ya kujiunga na baraza inadai namba ya simu. Hilo nalo nililiweka mimi, la kudhibiti wahuni. Nikaitafuta namba yake, nikapiga.

Simu iliita sana. Ilipopokelewa nilisikia cherehani ikizunguka, kisha ikanyamaza.

"Haloo, fundi hapa. Kama ni lile gauni bado mikono."

"Siyo gauni. Mimi ni msimamizi wa Baraza la Kiota."

"Bi Tafuta?"

"Ndiye mimi. Dada, mashine yako iko wapi?"

"Iko hapa hapa, chini ya meza ya kukatia. Kwani nimekosea nini tena? Mimi sijaandika kitu tangu mnifungie."

"Hujakosea. Mayai yakoje?"

"Asubuhi niliwasikia wawili wanalia. Nikafurahi. Sasa hivi wamenyamaza." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa, kama anayesoma vipimo vya mteja. "Ndivyo ilivyokuwa na mara mbili zile. Wanalia, halafu wananyamaza."

"Fungua matundu ya hewa. Yote. Sasa hivi, nikiwa kwenye simu."

"Niyafungue?" akasema. "Umeandika nisiache hata moja. Umeandika kwa herufi nene."

"Niliyeandika ni mimi na nilikosea. Fungua, dada, tafadhali. Kifuniko usikiguse, matundu tu."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Nilisikia akihema, akiwa amepiga magoti. Kisha akasema jambo ambalo bado nalikumbuka nikiwa naosha vyombo.

"Ngoja nichukue wembe. Nimeyashonea."

"Umeyafanyaje?"

"Mara ya kwanza niliziba kwa gundi ya karatasi, wakafa. Nikajua hewa inapita pembeni. Mara ya pili nikakata bitana, nikaiweka tabaka mbili kwa gundi ya viatu. Wakafa. Safari hii nikaweka bitana, juu yake ngozi, nikazungushia uzi. Nilisema safari hii hata unyuzi haupiti."

Kila alivyoshindwa alizidi kunitii. Nilikaa juu ya sakafu, mgongo kwenye sanduku la mume wangu, nikasikiliza wembe ukikwangua plastiki. Ulikwangua muda mrefu. Yule mama alikuwa anashona vizuri.

"Moja limefunguka," akasema. Na baadaye, "La pili."

"Unasikia chochote?"

"Hapana."

"Subiri."

Tukasubiri. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na randa yake, hajui kinachoendelea, lakini alikuwa amezima redio. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilimwambia Mshonaji naomba radhi. Nilimwambia kwamba swali lake la kwanza lilikuwa na kila kitu na sikulisoma, la pili nililisoma mistari mitatu, na kwamba sanduku langu mimi lilikuwa linavuja bila mimi kujua. Nilisema nina uchungu, na nilikuwa nao, kifuani hasa, upande wa kushoto.

"Kwa nini hukuuliza kwingine?" nikamwambia mwishoni. Hata katika kuomba radhi nilikuwa bado natafuta pa kumsukumia.

"Uliniambia nitafute kwanza," akasema. "Nikatafuta. Kila nilipokwenda nikakukuta wewe."

Akaniambia ana mteja mlangoni, akakata simu.

Alasiri ile nilimfungulia Mshonaji, kisha nikalishika Jibu la Kumi na Nne. Wazo la kwanza lilikuwa kulifuta. Ningelifuta, hakuna ambaye angejua. Badala yake nikalipiga mstari katikati, toka neno la kwanza hadi la mwisho, nikaandika juu yake kwamba si sahihi, kwamba lilifaa sanduku moja tu lenye mwanya chini, na kwamba mwenye mashine isiyovuja afungue matundu siku ya kumi na nane na unyevu autafute kwa kuongeza maji, si kwa kuziba. Nikaweka jina langu. Chini nikaandika: "Aliyelifuata akapoteza mayai, aseme hapa. Halitafungwa."

Nilidhani watajitokeza watatu au wanne.

Wa kwanza aliandika ndani ya dakika mbili: "Mimi pia. Sitini." Wa pili: "Mara nne. Niliacha, nikauza mashine." Mwingine akasema mama mkwe wake alimwambia ana mkono mbaya, akaamini, na hadi leo hagusi hata yai la kukaanga bila kufikiria. Walikuja jioni nzima na kesho yake. Kulikuwa na majina niliyoyajua, wanachama wa miaka, watulivu, wale niliokuwa nikiwataja kama mfano kwa sababu hawasumbui. Nilianza kuzijumlisha hesabu zao kwenye daftari la maabara. Nilipofika mayai elfu moja mia tisa nikafunga daftari.

Lakini aliyenikalisha chini ni mzee mmoja anayejiita Mstaafu. Asante yake ilikuwa ya kwanza kabisa chini ya Jibu la Kumi na Nne, ndefu, yenye dua, na mimi nilikuwa naijua kwa moyo. Sasa aliandika: "Bi Tafuta, ile asante niliiandika siku ile ile niliyosoma, kabla ya kuziba. Siku tatu baadaye walikufa wote. Nikaona aibu kurudi kusema, maana nilikuwa nimeshashukuru."

Nikarudi kwenye zile asante mia mbili na kumi na mbili, nikaangalia tarehe, jambo ambalo mtunza maabara angepaswa kuanza nalo. Watu walishukuru siku waliyojibiwa. Hakuna hata mmoja aliyerudi baada ya siku ya ishirini na moja kusema ameona nini. Miaka yote hiyo nilikuwa nasoma adabu ya watu nikidhani ni matokeo.

Mshonaji hakupiga simu Alhamisi. Hakupiga Ijumaa asubuhi. Nilivunja chupa mbili za kupimia siku hiyo, na mwalimu wa kemia akaniuliza kama nyumbani wazima. Saa nane mchana simu ikaita. Sikusikia neno lolote kwanza. Nilisikia mlio mdogo, mkali, wa wengi kwa pamoja. Alikuwa ameisogeza simu kwenye mashine.

"Tisa," akasema aliporudi. "Waliobaki nimepasua maganda kuangalia. Wengi walikuwa wameshakamilika, hadi kucha."

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa. Tisa wanatosha wakiwa na jogoo ndani yao. Wasipokuwa na jogoo hawatoshi. Sasa hivi hawatambulikani, wote wana shingo tupu na kelele." Kisha akaongeza: "Nina swali."

"Uliza."

"Kifaranga wa siku moja anaanza na maji au chakula?"

Swali hilo lina namba. Ni la Pili, limejibiwa tangu baraza lianze, lipo ukurasa wa mbele kabisa. Ulimi wangu ulishafika kwenye herufi ya kwanza ya sheria yangu, nikaung'ata. Nikamwambia maji kwanza, ya uvuguvugu, kwenye kisahani kifupi chenye vijiwe ili wasizame, na chakula baada ya saa chache. Nikamwambia pia hivyo ndivyo ninavyofanya mimi kwangu, na kwangu ni sanduku la mbao na chumba chenye joto, kwa hiyo akiona kwake mambo ni tofauti aniambie.

"Nitakwambia," akasema.

Nikangoja aseme asante, kama wanavyosema wote. Naye alijua kwamba nangoja.

"Asante sisemi bado," akasema. "Nimeona kule barazani ilivyowaponza wenzangu. Nitaisema wakifika wiki sita."

Sheria ya baraza nimeibadilisha. Bado inasema TAFUTA KWANZA. Sijarukwa na akili. Lakini chini yake nimeongeza kwamba uliyetafuta, ukafanya, ikashindikana, swali lako ni jipya, na msimamizi hatalifunga kabla ya kulisoma hadi mwisho. Na kitufe cha asante nimekiondoa. Badala yake pana mahali pa kuandika ulichokiona, na pa tarehe.

Wiki ya kwanza kifaranga mmoja alikufa, Mshonaji akaandika. Wiki ya tatu akafa mwingine, akaandika tena. Kisha kimya. Nimejifunza kuuogopa ukimya, kwa hiyo mara mbili niliishika simu nimpigie, mara mbili nikairudisha mezani. Wiki sita zilipotimia ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa naosha chupa za mshumaa za darasa lingine, mikono ina sabuni, simu ikalia juu ya kabati. Alikuwa ameandika chini ya jibu lililopigwa mstari:

"Majike watano. Jogoo wawili, mmoja ameanza kuwika leo, vibaya. Asante."

Nilimsomea mume wangu jioni. Akaomba nirudie, nikarudia. Akauliza kama mwanya wake haukutajwa mahali popote.

Nikamwambia aende akarekebishe mlango wa bafu.